Mfahamu Romano Scarpa, fundi wa vibonzo vya Mickey Mouse ambaye wasomaji hawakumjua jina

Kama umewahi kusoma vibonzo vya Mickey Mouse au Donald Duck, huenda ulidhani vyote vinatoka Marekani. Kumbe vingi vimetengenezwa Italia, na mmoja wa mafundi wakubwa kule alikuwa Romano Scarpa.

Scarpa alizaliwa Venice mwaka 1927. Ndoto yake ilikuwa filamu za katuni, na akiwa bado kijana alifungua studio ndogo mjini kwao. Mwaka 1953 akaanza kuchorea jarida la watoto la Topolino. Hilo ndilo jina la Mickey kwa Kiitaliano.

Kwa nini alihitajika sana?

Mwaka 1955 hadithi ndefu za Mickey zilizokuwa zikitoka kila siku kwenye magazeti ya Marekani zilisimamishwa, vikabaki vichekesho vifupi tu. Lakini watoto wa Italia walishazoea hadithi ndefu. Scarpa akaziba pengo hilo. Kuanzia 1956 alikuwa anatunga mwenyewe na kuchora mwenyewe: upelelezi, safari za hatari, vichekesho, hata mapenzi.

Aliongeza pia wahusika wapya. Mwaka 1960 alimleta Brigitta, bata jike anayempenda tajiri Scrooge japo bahili huyo anamkimbia kila siku. Mwaka huohuo akaja Trudy, mpenzi wa Pete, yule jambazi adui wa Mickey. Wote wawili bado wanatumika hadi leo.

Sasa tatizo liko wapi? Kwa miaka mingi kurasa zile zilibeba jina moja tu: Walt Disney. Mtoto alicheka, akasisimka, akanunua toleo lijalo, bila kujua nani kachora. Mashabiki walijifunza kumtambua kwa mkono wake tu. Majina ya wachoraji yalikuja kuandikwa baadaye sana.

Ujuzi wake lakini haukufichika kwa wenzake. Giorgio Cavazzano, ambaye leo ni mchoraji maarufu wa Disney, alianza akiwa kijana mdogo kwa kupitisha wino juu ya michoro ya penseli ya Scarpa.

Scarpa alifariki Málaga, Hispania, mwaka 2005 akiwa na miaka 77. Kwa hiyo siku ukimwona Brigitta akimkimbiza Scrooge, ujue ni kazi ya nani.