Mama mwenye mimba akiteleza: njia na mzigo ni kazi ya ushirika wote



Mwezi wa tatu kahawa inaanza kuiva kwenye milima ya Kivu, na mvua iko bado mingi. Bamama wanashuka na vitunga mgongoni kwenye njia za udongo, wengine wakiwa na mimba ya miezi saba au minane. Mmoja akianguka, tunamwambia « Pole mama », anapangusa matope, anabeba tena. Lakini kuanguka kwa mwenye mimba si jambo la kupangusa matope tu.

Kwa nini anaanguka kwa urahisi?

Tumbo likikua, uzito wa mwili unasogea mbele na mgongo unapinda. Viungo vya nyonga vinalegea, kwa sababu mwili unajitayarisha kuzaa. Miezi ya mwisho, mama haoni vizuri pale anapokanyaga. Ongeza kitunga chenye kamba kwenye paji la uso: kichwa hakigeuki, na mikono inashika kamba. Akiteleza, hana kitu cha kujishikia.

Pahali pa hatari tunapajua: simenti yenye maji pale tunaposhia kahawa, kisima cha kuloweka muhogo, chemchemi ya kuchota maji, na mti mmoja uliolazwa kuwa daraja.

Ameanguka: tufanye nini?

Miezi mitatu ya kwanza, mifupa ya nyonga inamkinga mtoto. Baadaye tumbo la uzazi linapanda juu, na pigo linaweza kulifikia. Hatari kubwa ni kondo kubanduka, yaani ile inayomlisha mtoto tumboni. Inaweza kubanduka hata kama ngozi haina kidonda, na damu inaweza kubaki ndani. Kwa hiyo tusingoje kuona damu. Mimba ikishafika miezi mitano, mama aliyeanguka na kugonga tumbo aende kituo cha afya siku ile ile, hata kama anajisikia vizuri.

Apelekwe mbio, usiku au mchana, akiwa na moja ya dalili hizi:
- damu au maji yanatoka chini;
- tumbo linauma au limekuwa gumu;
- uchungu unakuja na kurudi;
- mtoto hachezi kama kawaida;
- kizunguzungu au kuzimia.

Kwenye kipoyi alale kwa ubavu wa kushoto, si chali. Achukue fishi yake ya CPN, maana muuguzi atataka kujua umri wa mimba na kundi la damu. Tusimkande tumbo, tusimpe dawa ya miti: kuko zinazoleta uchungu kabla ya wakati.

Kazi ya ushirika

Mama mwingi anaficha uchovu wake kwa sababu malipo ni ya kilo. Akipunguza mzigo, feza zinapungua, na nyumbani kuko watoto wanaongoja. Kumwambia tu « pumzika » hakumsaidii. Tunapendekeza komite zikubaliane juu ya mambo manne:

1. Mzigo wa mwenye mimba ubebwe kwa zamu na wenzake, wanaume pia, lakini kilo ziandikwe kwa jina lake.
2. Apewe kwanza kazi ya kuchambua kahawa akiwa ameketi, kwa malipo yanayolingana. Hata hiyo, asimame na kutembea kidogo mara kwa mara.
3. Salongo moja kabla ya mvua: kuchimba ngazi kwenye mteremko na kuzishikisha kwa miti au mawe, kufungua mifereji, kuweka mianzi ya kushikilia, kumwaga changarawe pahali penye utelezi.
4. Kipoyi kikae depo, na namba ya simu ya mwenye pikipiki iandikwe mlangoni. Kila mwanachama atoe kidogo kwa ajili ya usafiri wa ghafula.

Mama mwenyewe avae viatu vinavyoshika chini, ashike fimbo, asitoke mara tu mvua inapokatika. Nanyi baba, bidoni ya maji haina jinsia.

Mkutano ujao, kabla ya kuhesabu kilo, ulizeni: katika ushirika wetu, kuko wangapi wenye mimba, na nani anabeba mizigo yao?