Nyumba ya Wazee Wanaosahau: Ijengwe Vipi Ubaruku?

Hivi karibuni vijana watatu wa msikiti wetu hapa Ubaruku walinijia baada ya sala ya alasiri, wakakunjua mbele yangu karatasi yenye mchoro wa nyumba. Wamekusudia kuwaomba wenye mali watoe wakfu wa kujengea makazi ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, nao walitaka dua yangu na maoni yangu. Dua niliwaombea papo hapo. Ama maoni, niliyachelewesha siku tatu, kwa sababu nilipoitazama ile karatasi nilimwona marehemu baba yangu ndani yake, amesimama mwisho wa ukumbi mrefu, asijue pa kutokea.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, sikatai. Vyumba kumi, vitano kulia na vitano kushoto, ukumbi katikati, sakafu ya marumaru zinazong'aa, milango yote rangi moja, na mbele lango la chuma. Kwa msafiri anayelala usiku mmoja yafaa sana. Kwa mtu aliyesahau jina la mwanawe ni mtego.

Yatupasa kwanza tuyajue maradhi haya, kwani wengi wetu twayaita uzee tu, na wengine, Mola atusamehe, huyaita uchawi. Bibi kizee akikutwa usiku wa manane mlangoni pa watu, amejifunga kanga moja, hajui alikotoka, minong'ono huanza kabla hajapewa maji ya kunywa. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Hali mtu huyo ni mgonjwa wa ubongo. Daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alieleza aina moja kubwa ya ugonjwa huu mwaka 1906, na hadi leo haijapatikana dawa ya kuuondoa. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliofikia miaka 70 na zaidi, yapata 6 walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili kwa namna hii. Hai si Mbarali, lakini sidhani kwamba sisi tumesalimika.

Jambo la kuzingatia ni namna kumbukumbu inavyoondoka. Ya jana hutangulia, na ya ujana hukawia. Mzee hawezi kukwambia alikula nini asubuhi, lakini atakutajia ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi zao. Lugha aliyojifunza ukubwani humtoka, akabaki na ile ya mama yake.

Baba yangu alifanya kazi katika shamba kubwa la mpunga la Mbarali, lile lililojengwa na Serikali kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji ya mifereji. Alipofikia uzee na akili yake kuanza kuondoka, alirudi kazini. Kila siku kabla ya alfajiri alijifunga shuka, akatoka kwenda kufungua maji ya shamba ambalo alikuwa ameliacha miaka mingi. Mara kadhaa majirani walimrudisha kwa heshima. Asubuhi moja alikutwa ndani ya mfereji, maji yamemfika kifuani, anatafuta kwa mikono mlango ambao haupo.

Tangu siku hiyo tulimfungia chumbani kwa kufuli. Nasema tulimfungia, nami ndiye niliyelinunua lile kufuli. Alipiga mlango hata mikono ikavimba. Akaniuliza, akiniita kwa jina la nduguye aliyekufa zamani, amekosa nini hata awekwe mahabusu. Mimi ninayewasomesha watoto wa watu kuwanyenyekea wazazi wao sikuwa na la kumjibu. Alikaa hivyo miezi minane, kisha Mwenyezi Mungu akamchukua.

Basi siku ya tatu niliwaita wale vijana nikawaambia: iacheni nyumba hii ya kwenye ukumbi, tazameni walivyojenga babu zenu.

Watu wa Usangu, na jirani zao Wahehe, walijua tembe. Ni nyumba yenye paa bapa la miti na udongo, iliyouzunguka uwanja wa ndani pande zote, milango ya vyumba ikitazama uwanjani, na njia ya kutokea nje ikawa moja tu. Ilifaa nyakati za vita, maana katika karne ya 19 nchi hii ya akina Mtemi Merere ilipigana na Wahehe mara nyingi. Ukuta ulikuwa wa kumzuia adui asiingie. Ajabu ni kwamba nyumba hiyo hiyo ndiyo imfaayo mzee anayesahau, ila kazi ya ukuta imegeuka. Akitoka chumbani yuko uwanjani, juu yake mbingu, mbele yake watu na mwembe. Akitembea atazunguka na kurudi alipoanzia, wala hatagonga ukuta wa mwisho. Hatajiona amefungwa, kwa kuwa mlango wa chumba chake uko wazi.

Mmoja wa vijana alicheka, akasema tembe ni mambo ya kale. Nikamwambia kwamba mjini Halab, katika nchi ya Shamu, Amiri Arghun al-Kamili alijenga hospitali mwaka 1354, na wagonjwa wa akili wakawekwa katika vyumba vilivyozunguka nyua zenye hodhi za maji. Na katika zama zetu hizi, huko Weesp karibu na Amsterdam, Uholanzi, yalifunguliwa mwaka 2009 makazi yaitwayo De Hogeweyk. Wazee wa maradhi haya hukaa humo wachache wachache, katika nyumba zilizopambwa kwa kadiri ya maisha waliyoyazoea, wana duka na bustani na vijia vyao, nao hutembea wapendavyo, kwa sababu majengo yenyewe ndiyo ukuta. Waholanzi wametumia fedha nyingi kuufikia uwanja wa ndani. Sisi tulikuwa nao tukauacha.

Baada ya hapo tulifuta na kuchora upya. Marumaru tuliziondoa: jicho la mgonjwa huona sakafu inayong'aa kuwa ni maji, akakataa kukanyaga, na mkeka mweusi humdhania kuwa shimo. Kila mlango upewe rangi yake na alama ya mwenyewe, huyu jembe, yule ungo, mwingine kengele ya ng'ombe. Choo kionekane kutoka kitandani, kiwe cha namna waliyoizoea, na vishikio ukutani. Upande wa kibla kuwe na mahali pa kuswali pasipo ngazi. Mtu aliyeondokewa na akili hana lawama ya sala, lakini nimewaona wanaosahau kila kitu, na adhana ikisikika wanasimama. Asizuiwe, wala asisahihishwe akikosa rakaa.

Kisha kazi za mikono. Mji huu unaishi kwa mpunga. Wabulushi, Waislamu wenzetu walioweka makazi Rujewa, ndio wanaotajwa kuanzisha kilimo cha mpunga cha mifereji katika Usangu, na leo kila mtaa una mashine ya kukoboa. Bibi aliyepepeta mchele miaka hamsini mpe ungo, mikono yake inakumbuka. Na wahudumu wapatikane wanaojua Kisangu, Kihehe, Kibena na Kisukuma, maana Kiswahili huenda kikawatoka wazee wetu mapema.

Kwa baba yangu, na walio mfano wake, niliomba kitu kimoja: jaruba la hatua chache uwanjani, maji yasiyopita kifundo cha mguu, na mlango mdogo wa mbao wa kufungulia maji. Vijana walitazamana, kisha mmoja akakichora kwa kalamu ya bluu.

Wako watakaosema kwamba ni aibu kumtoa mzazi nyumbani. Kauli hiyo naiheshimu, lakini nauliza: kufuli langu je? Watoto wetu wako Mbeya na Dar es Salaam, na aliyebaki na mzee ni binti mmoja au mkaza mwana asiyelala usiku. Kwa hiyo tumepatana kwamba nyumba ianze kuwa ya mchana. Mzee aletwe baada ya alfajiri, arudishwe kwake kabla ya magharibi, na vitanda vya kulala viwe vinne tu, kwa wasio na mtu.

Halijakatwa bado shauri la nani atakesha na hao wanne. Vijana wanasema watapokezana; mke wangu, aliyemlisha baba yangu miezi yote ile, anasema hawajui wanachokiahidi, na anataka akina mama waulizwe kwanza. Ijumaa ijayo, baada ya sala, mchoro utabandikwa barazani ili kila mtu autazame, na akina mama watakaa na vijana waliseme jambo hilo la usiku.