Kinyesi cha Ndege Kwenye Mlimau Huenda Ni Kiwavi
Mkazi akiona kitu kama kinyesi cha ndege kwenye jani la mche wa mlimau au mchungwa, akiangalie vizuri. Huenda ni kiwavi mchanga wa kipepeo. Akikua huwa na rangi ya kijani, na akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mti mkubwa hustahimili kuliwa majani, lakini mche unaweza kubaki vijiti vitupu.

Wakazi wanashauriwa kukagua majani machanga, kuondoa mayai madogo ya manjano na kuokota viwavi kwa mkono. Wakizidi, mche unyunyiziwe dawa ya mwarobaini jioni. Dawa kali huua pia nyuki, pamoja na nyigu wanaoangamiza viwavi. Kabla ya kuitumia, afisa wa kilimo wa wadi aulizwe.