Bunduki yenye macho yasiyolingana

Wazee wa Kisangani walioona mwezi wa nane 1964 wanasimulia mpaka leo namna Simba waliingia mjini, wakati ule Stanleyville, wengi wao na mikuki na mapanga tu, na askari wa serikali wenye bunduki wakakimbia. Watu walisema ni Mai Mulele, risasi zinageuka maji. Sikatai, woga ulifanya kazi kubwa. Lakini iko sababu ingine ya risasi kukosa mtu, na hiyo haiombi mganga: bunduki inayopiga juu.

Kila karabini iko na macho mawili. Mbele, karibu na mdomo, kuna kile kichuma kilichosimama, askari wetu wanakiita gidoni. Nyuma, karibu na uso wa mwenye kulenga, kuna osi, yenye mkato mdogo. Unaweka ncha ya gidoni katikati ya mkato, sawa na ukingo wake, na juu ya kitu unacholenga. Sasa kama gidoni ni ndefu kupita kipimo, ili macho yalingane lazima mdomo wa bunduki ushuke, na risasi itaenda chini. Kama ni fupi, ama imelika, ama imepondeka, mdomo utapanda na risasi itapanda nao. Osi ni kinyume: ukiiinua, risasi inaenda juu.

Watu wanafikiri milimetre moja si kitu. Tupige hesabu. Kwa AKM, aina ya Kalashnikov inayojulikana sana, kati ya macho mawili kuna milimetre 378. Gidoni ikikosea milimetre 1, kwa metre 100 risasi inakosea karibu santimetre 26. Ni upana wa kichwa na zaidi.

Tena kuna ile imani ya namba. Osi ya AKM iko na namba 1 mpaka 10, kila moja ni metre 100. Wengine wanaipeleka kwenye 10 wakiamini bunduki inapata nguvu zaidi. Haipati nguvu yoyote! Adui akiwa metre 100, risasi inapita zaidi ya metre moja juu ya pale ulipolenga, inaendelea kutafuta nyumba ya mtu asiyehusika. Che Guevara, alipokuwa upande wa Fizi mwaka 1965, aliandika kwamba wapiganaji walifunga macho na kumaliza magazini nzima. Kwa hao hata osi nzuri ingesaidia nini?

Kwa nini mtu wa sendika anaandika mambo haya? Sababu kwenye machimbo yetu, fujo ikianza, polisi anayelinda site anafyatua, halafu anasema: nililenga mguu. Pengine ni kweli alilenga mguu. Lakini kwa metre 30, gidoni fupi kwa milimetre 3 inapandisha risasi karibu santimetre 24, na paja linakuwa tumbo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema polisi hapigi kwa kuua ila pale hakuna njia ingine ya kuokoa maisha. Kwangu mimi, mwenye bunduki isiyolinganishwa hawezi hata kuahidi kuheshimu kanuni hiyo, maana hajui risasi yake inaenda wapi.

Kuilinganisha si kazi ngumu. Fundi wa silaha anaweka osi kwenye 3, anapiga risasi 4 kwa metre 100, anatazama matundu yamekusanyika wapi. Yakiwa chini, anaishusha gidoni kwa ufunguo wake. Yakiwa juu, anaipandisha. Mzunguko mmoja mzima ni santimetre 20. Risasi nne na asubuhi moja, basi.

Kamba ya shimo tunaikagua, kofia tunaikagua, mashine ya hewa iko na kaye yake. Bunduki inayosimama juu ya vichwa vyetu kutwa haina. Tunaomba kila moja iwe na ukurasa: namba yake, tarehe ya kulinganishwa, jina la fundi. Katika mkutano na wakubwa wa site tutaanza na kaye hiyo. Kama haiko, watuonyeshe basi ule ufunguo wa gidoni, na nani anautunza.