Apeli kule Marekani: ngazi mbili, mlango mmoja



Tangu batu wetu wengi wahamie Marekani, swali moja linanifikia kila mara: «Ndugu yetu amepoteza kesi kule, sasa aende mahakama gani?» Na sisi tuliosoma sheria tunajibu haraka: afanye apeli, akishindwa aende kwa mahakama kuu ya nchi. Tunajibu vile juu tunawaza mahakama za kwetu. Lakini Marekani ni nchi ya federali, na rufaa yao iko na njia yake. Mutu asiyejua njia ile anapoteza pesa ya avoka, na mara ingine anapoteza haki yenyewe.

Tuanzie nyumbani. Hapa Congo mahakama za kawaida ni ngazi moja tu: tribinali ya amani chini, halafu TGI, halafu mahakama ya rufaa, na juu kabisa Cour de cassation pale Kinshasa. Ukihukumiwa Bukavu ao Lubumbashi, ngazi ni ile ile na sheria ni ile ile. Tena, kwetu apeli inafungua kesi: majaji wa rufaa wanaweza kuangalia upya matendo na sheria, vyote viwili. Mutu anaweza kuleta hata hoja mpya. Ndiyo maana kwetu wengi wanaona kesi ya kwanza kama mazoezi, wanasema: «Tutaonana kwa apeli.»

Sasa tuvuke bahari. Kule ngazi ni mbili, na zinasimama moja pembeni ya ingine.

Ngazi ya kwanza ni ya jimbo. Majimbo yako 50, na kila moja iko na katiba yake, sheria zake na mahakama zake mpaka ile ya juu kabisa. Talaka, deni, mauaji, ajali ya gari, kodi ya nyumba: sehemu kubwa ya kesi za kila siku inaanzia hapa. Hata majina yanaweza kukudanganya. Katika jimbo la New York, mahakama inayoitwa Supreme Court ni ile ya kuanzia kesi. Ya mwisho inaitwa Court of Appeals. Kwa hiyo usisome jina peke yake, uliza inakaa fasi gani katika ngazi.

Ngazi ya pili ni ya serikali ya federali. Chini kuna mahakama za wilaya 94. Katikati kuna mahakama za rufaa 13, na kwa kawaida majaji watatu wanasikiliza kila rufaa. Juu kuna Mahakama Kuu ya Washington, yenye majaji 9. Ngazi hii inasikiliza mambo ya sheria za federali na katiba ya nchi nzima, pamoja na kesi zingine chache zilizotajwa na sheria.

Ngazi hizi mbili zinakutana wapi? Hapo njo kuna mlango mmoja. Mutu aliyeshindwa katika mahakama ya juu ya jimbo anaweza kupeleka kesi Washington, lakini tu kama kesi yake iko na swali la sheria ya federali ao la katiba ya nchi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 1816 kwamba iko na nguvu ya kuangalia maamuzi ya majimbo juu ya maswali kama hayo. Mwaka 1875 ikaweka mpaka: juu ya maana ya sheria ya jimbo lenyewe, mahakama ya jimbo njo iko na neno la mwisho. Basi kama shamba lako limegawanywa vibaya kufuatana na sheria ya Texas peke yake, Washington haina kazi nayo, hata kama unalia namna gani.

Na hata ukiwa na swali la federali, mlango haufunguki wenyewe. Kila mwaka Mahakama Kuu inapokea maombi kwa maelfu, lakini inasikiliza chini ya 100. Lazima majaji 4 kati ya 9 wakubali kuichukua kesi. Wakikataa, hawajasema kama ulikuwa na haki ao hapana. Uamuzi wa chini unabaki tu vile ulivyo.

Jambo lingine linalotushangaza sisi Bakongomani: rufaa ya kule kwa kawaida si kesi ya pili. Hakuna mashahidi wapya, hakuna karatasi mpya. Majaji wa rufaa wanasoma yale yaliyoandikwa katika kesi ya kwanza, wanasoma hoja za avoka, mara ingine wanawapa dakika chache za kusema. Swali lao ni hili: je, jaji wa kwanza alikosea sheria, na kosa lile liliharibu matokeo? Juu ya matendo, wanamwachia nafasi kubwa yule aliyeona mashahidi kwa macho yake. Na kama avoka wako alinyamaza wakati kosa linafanyika, mara nyingi umechelewa kulalamika juu. Kwa hiyo kule kesi ya kwanza njo kesi yenyewe.

Siku nazo ni chache. Katika mahakama za federali, kesi ya madai iko na siku 30 za kutangaza rufaa, ao 60 kama serikali ya federali ni upande mmoja wa kesi; aliyehukumiwa kwa kosa la jinai iko na siku 14 tu. Majimbo nayo yanapanga siku zao. Kwetu pia tusilale: kwa madai ni siku 30, kwa jinai ni siku 10. Tofauti ingine: mshitakiwa akiachiliwa huru kule, mwendesha mashitaka hawezi kukata rufaa ili ahukumiwe tena. Kwetu parke inaweza.

Mfano mmoja utatusaidia kuona mlango ule ukifunguka. Mwaka 1961, katika jimbo la Florida, mutu maskini anaitwa Clarence Earl Gideon alishitakiwa kuvunja nyumba ya mchezo wa biliadi na kuiba. Aliomba mahakama impe avoka. Jaji akamjibu kwamba sheria ya Florida inatoa avoka wa bure kwa kesi ya kifo tu. Gideon akajitetea mwenyewe, akapewa miaka 5. Aliandikia mahakama ya juu ya Florida, ikakataa. Ndani ya gereza akachukua kalamu ya risasi, akaandikia Mahakama Kuu ya Washington. Angalia vizuri: hakusema tu «sikuiba». Alisema katiba ya nchi inampa haki ya avoka. Lile ni swali la federali, njo lilimfungulia mlango. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 walikubaliana naye. Lakini hawakumtoa gerezani. Walirudisha kesi Florida. Mwezi wa nane mwaka ule akahukumiwa upya, mara hii na avoka pembeni yake, na baraza la wazee wa mahakama likasema hana kosa.

Kwa jamaa wenye kesi za uhamiaji, mujue kwamba majaji wa uhamiaji wako nje ya ngazi zote mbili: wako chini ya wizara ya sheria. Rufaa yao inaenda kwanza kwa bodi ya wizara ile ile. Kisha mutu anaweza kubisha kwa mahakama ya rufaa ya federali, na hapo iko na siku 30 tu tangu uamuzi wa mwisho.

Kwetu, vijana wengi wanabishana juu ya federali. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilikuwa imetupeleka njia ile, na leo tuko na provinsi 26 lakini ngazi moja ya mahakama. Mwenye kutaka federali aulizwe: mahakama ya provinsi itakuwa na neno la mwisho juu ya nini? Na raia maskini wa Kalemie, haki yake ikivunjwa, mlango wa kwenda juu utakuwa wapi? Kipengele cha 21 cha katiba yetu ya 2006 kinampa kila mutu haki ya kukata rufaa. Lakini haki ile inamsaidia tu anayejua ngazi iko wapi, na siku ngapi zimebaki.