Majitaka ya Viwandani: Chupa Moja ya Mchana Haitoshi

Kila wakazi wanapolalamikia majitaka ya kiwanda hapa Mombasa, jibu huwa ni lile lile: maafisa wamefika, wamechukua sampuli, na kila kitu kiko sawa. Wakazi nao huapa kuwa maji yaliyopita mtaroni usiku yalikuwa meusi na yakinuka. Nimefuatilia mivutano ya aina hii kwa miaka, na naona pande zote mbili zaweza kuwa zinasema kweli. Kasoro iko katika namna tunavyopima.

Chupa iliyojazwa saa nne asubuhi inatoa habari za saa nne asubuhi tu. Kiwanda kina saa ya kuzalisha, saa ya kuosha matangi na saa ya kumwaga masalio, na maji ya kila saa yana uchafu wake. Ndiyo maana kipimo cha maana ni kuchota kidogo kidogo kwa saa 24, kisha kuyachanganya na kuyapima. Tena yachotwe kwenye bomba la kiwanda chenyewe. Ukichota kwenye hori wakati maji yamejaa, utapima bahari, si kiwanda.

Jambo la pili ni wingi wa maji. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa kipimo kiitwacho BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu kwa siku tano. Uchafu ukizidi, vijidudu humaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi. Lakini mwenye kiwanda mjanja anaweza kufungulia maji safi ili azimue majitaka yake. Hebu tupige hesabu: lita 100,000 zenye miligramu 300 kwa kila lita zina kilo 30 za uchafu. Zizimue zifike lita 1,000,000, na kipimo kitasoma 30, kikomo cha sheria. Lakini kilo ni zile zile 30, na zote zimeingia baharini. Bila mita ya kupima mtiririko, hesabu hii haionekani.

La tatu ni sumu isiyoonekana. Madini ya risasi yaliyoyeyuka majini hayana rangi wala harufu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Owino Uhuru, Mikindani, wanalijua hili kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando ya nyumba zao mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na NEMA, mamlaka yenyewe ya kulinda mazingira, ikiwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Uamuzi huo ulipanguliwa kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024. Hebu fikiria: miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa!

Dawa yake si siri. Maji yaanzie kwenye tangi la kuyasawazisha, kisha yatiwe chokaa ili asidi ipungue na madini yashuke chini kama tope. Tope hilo lizolewe na mwenye leseni, lisitupwe kichakani. Hapo ndipo vijidudu vipewe kazi ya kula uchafu uliobaki. Wako wanaosema kiwanda kiunganishwe tu na mtambo wa majitaka wa Kipevu. Mimi nasema si haraka hivyo, kwa sababu mitambo ya aina hiyo hutegemea vijidudu, na asidi na madini huviua. Kila kiwanda kisafishe kwanza chake. Na mitaro ya mvua ibaki ya mvua, kwa kuwa maji yake humwagika moja kwa moja baharini.

Sisi wananchi nasi tuna nafasi yetu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kuwa yeye binafsi ameumia. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo ukiona maji yasiyoeleweka, andika tarehe, saa na mahali, piga picha, kisha uombe kwa barua ripoti za vipimo vya kiwanda hicho. Uliza maswali matatu: sampuli ilichotwa saa ngapi, wapi, na siku hiyo zilitoka lita ngapi?

Afisa asiyeweza kuyajibu hayo hajapima kitu. Na maji yakimwagika hayazoleki, sembuse yenye sumu.