Albamu ya pili ndiyo mtihani wa bendi za Nakivale

Albamu ya kwanza ya bendi yoyote hujaa mambo ambayo wanamuziki wamekaa nayo kifuani miaka mingi: vita, mapenzi, safari, Mungu. Nyimbo zipo tayari, kinachokosekana ni maikrofoni tu. Ya pili huanza patupu, tena na maswali ambayo mara ya kwanza hakuna aliyethubutu kuyauliza. Nani alitunga? Nani alilipwa? Jina la bendi ni la nani?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, maswali hayo ni mazito kuliko kwingineko. Makazi haya yalianza mwaka 1958 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao. Walipo Wakongo, gitaa halikosekani. Lakini kinanda na spika nzuri mara nyingi ni mali ya kanisa, na umeme wa nyumba nyingi ni wa sola. Anayetaka sauti safi hupanda gari kwenda studio za mjini Mbarara.

Pesa ya wimbo mmoja hupatikana kwa kuchangishana. Pesa ya nyimbo kumi, kwa watu watano wanaokwenda na kurudi, ni mzigo mwingine kabisa. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na walioonekana wanajiweza wakaondolewa kwenye mgao. Kwa hiyo mpiga besi mwenye watoto akipata kibarua siku ya mazoezi, ataenda kibaruani, na hakuna wa kumlaumu.

Bendi ya Nakivale huvunjwa hata na habari njema. Mpiga solo akipata nafasi ya kuhamia Kanada au Marekani, anaondoka na familia yake, huku gitaa lake limebaki katika nyimbo ambazo hazijakamilika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu ambao safari zao zilikuwa zimekwisha pangwa wakakwama. Kwa hiyo bendi haijui imuage mwenzao au imngoje. Haijui pia kama nyimbo alizoacha inaweza kuzitoa bila yeye.

Wanaodhani ugomvi wa namna hii ni wa maskini peke yao wawatazame Staff Benda Bilili wa Kinshasa. Wengi wao walikuwa walemavu wa polio waliopiga muziki mtaani, karibu na bustani ya wanyama ya jiji. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, ilitoka mwaka 2009. Mwaka uliofuata filamu inayosimulia maisha yao ikaonyeshwa Cannes. Ya pili, Bouger le Monde, ilitoka 2012, wakati majukwaa ya Ulaya yakiwa yamewafungukia. Mwaka 2013 Coco Ngambali na Théo Nzonza, nguzo mbili za kundi, wakajitoa. Baadaye walianzisha Mbongwana Star. Vita, njaa na baridi ya barabarani havikuwatenganisha. Walitengana mafanikio yalipokuja.

Uingereza nako yalitokea. The Stone Roses wa Manchester walitoa albamu ya kwanza mwaka 1989, kisha wakanaswa kwenye kesi na kampuni iliyowarekodi. Mahakama iliwafungua kutoka katika mkataba huo mwaka 1991, na albamu ya pili ikaonekana Desemba 1994. Kufikia 1996 bendi ilikuwa imekwisha.

Mwanamuziki wa Nakivale anaweza kudhani kwamba mkimbizi hana mahali pa kudai haki zake kama bendi hiyo. Anapo. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika ibara ya 14 kwamba kazi za sanaa za mkimbizi zilindwe sawa na za raia wa nchi anamoishi. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inazitambua pia haki za mpigaji na za mtayarishaji wa rekodi. Ofisi ya serikali inayosajili hakimiliki, URSB, ina tawi Mbarara, mji uleule wanaokwenda kurekodi.

Sheria hiyo haiwezi kuwasemea watu ambao hawakuandikiana chochote. Kabla ya kulipia studio, bendi ikae iandike: maneno ni ya nani na sauti ni ya nani, mapato yanagawanywaje, anayehama anabaki na fungu gani, jina linabaki kwa nani, na nani anashika namba ya siri ya akaunti ya YouTube. Karatasi moja yenye sahihi za wote na za mashahidi wawili inatosha kuanzia.

Mashirika yanayofadhili vijana nayo yabadilike. Warsha na wimbo wa siku ya wakimbizi ni jambo jema, lakini kipaji cha Nakivale kimekwisha thibitika. Kinachohitaji fedha sasa ni mwaka wa pili: nauli, saa za studio, na mwanasheria wa kuisoma ile karatasi. Bendi ikivuka hapo, muziki unakuwa kazi ya kulisha nyumba, na aliyehamia ng'ambo anaendelea kupata haki yake pamoja na waliobaki.